Misheni za Msimu Kwenye Umamusume: Maliza Mapema, Ulale Mapema

Wachezaji wa Umamusume: Pretty Derby wanaoniuliza kuhusu misheni za muda maalumu huanza na swali lilelile: nicheze mara ngapi kwa siku? Mimi huwauliza kwanza wamezisoma misheni zenyewe mara ngapi. Aghalabu hawajazisoma. Wamefungua ukurasa, wameona orodha ndefu yenye alama nyekundu, wakaingia mbioni wakitumaini kwamba mwisho wa wiki mambo yatakuwa yamejipa. Hayajipi. Siku ya mwisho inawakuta wanakesha na simu iliyochomekwa kwenye chaja, wakitafuta ushindi mmoja wa mbio za mchanga ambao wangeupata Jumanne bila jasho.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: umetengenezwa na kampuni ya Cygames ya Japani, ulitoka huko tarehe 24 Februari 2021, na toleo la Kiingereza likafuata Juni 2025, kwenye simu na kwenye kompyuta kupitia Steam. Wahusika ni wasichana wenye masikio na mikia ya farasi, na kila mmoja amebeba jina na historia ya farasi wa kweli. Yumo Tokai Teio, yumo Oguri Cap, yumo hata Haru Urara, yule farasi wa Kochi aliyekimbia mara 113 asishinde hata moja, na bado Wajapani wakampenda kuliko mabingwa wengi. Wewe ni mkufunzi. Unamchukua msichana mmoja, unamlea kwa miaka mitatu ya mchezo, kila mwezi zamu mbili, na katika kila zamu unaamua: mazoezi, mapumziko au mbio. Malezi hayo kamili, ambayo kwenye skrini huitwa Career, mimi nitayaita safari.

Karibu kila misheni ya msimu hukamilishwa ndani ya safari. Shinda mbio kadhaa za G1, daraja la juu kabisa. Shinda mbio ndefu. Shinda kwenye mchanga. Kamilisha safari kadhaa. Kusanya mashabiki. Basi ufanisi wote uko hapo: safari moja ibebe misheni nyingi kadiri inavyowezekana, kama daladala inayookota abiria kila kituo badala ya kwenda na kurudi kwa ajili ya mtu mmoja mmoja.

Lakini kabla ya kupanga safari, panga saa. Hapa ndipo wasomaji wangu wengi wanapopoteza zawadi, na kosa huwa la hesabu ndogo tu.

Seva ya kimataifa huanza siku mpya saa 15:00 kwa UTC. Kwa Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Zanzibar hiyo ni saa kumi na mbili jioni. Kwa Bujumbura, Kigali, Goma na Lubumbashi ni saa kumi na moja jioni. Kwa ndugu zetu walioko Muscat ni saa moja usiku. Siku ya mchezo, kwa hiyo, haibadiliki usiku wa manane ukiwa umelala. Hubadilika wakati watu wanatoka kazini. Na hilo ni neema kubwa. Ukiketi saa kumi na moja na nusu jioni ukamaliza misheni za kila siku, kisha ukasubiri saa kumi na mbili igonge na kufanya zile za siku mpya, umefunga siku mbili kwa mkao mmoja. Kesho yake unaweza usiguse simu kabisa, bora urudi keshokutwa kabla saa kumi na mbili jioni haijapita. Hata misheni za aina ya «ingia siku saba» hazikosi, kwani kila siku ya mchezo utakuwa umeonekana. Kwa wenye shughuli nyingi, dirisha hilo la jioni ni dhahabu.

Mwisho wa tukio ni jambo jingine, usilichanganye na kuanza kwa siku. Matangazo ya mchezo huandika muda kwa UTC. Tangazo likisema tukio linafungwa tarehe 14 saa 21:59 UTC, kwetu huku Afrika Mashariki hiyo ni saa sita na dakika 59 usiku, na tarehe imeshakuwa 15. Una saa chache za ziada usizozitarajia. Kinyume chake, tukio linaloanza tarehe 14 saa 22:00 UTC halipo tarehe 14 jioni, hata ukifungua na kufunga programu mara kumi. Ongeza tatu, andika tarehe ya hapa kwenye karatasi au kalenda ya simu, na usiitegemee kumbukumbu.

Sasa nguvu za kuchezea, yaani TP. Safari moja hula TP 30. TP moja hurudi kila dakika 10, na hujaa ikifika 100. Kwa saa 24 zinarudi TP 144, yaani safari nne na karibu ya tano. Ushauri unaosambaa kwa wachezaji ni kwamba usiache TP ijae, kwani ikijaa inapotea. Mimi sikubaliani nao, angalau kwa mtu mzima mwenye kazi. Safari moja ukiicheza kwa kufikiri inakula nusu saa, wakati mwingine saa nzima. Safari nne kwa siku ni saa mbili hadi nne. Nani anazo? Kinachopungua kwako ni muda, wala si TP. Mtu anayeukubali ukweli huo anaacha kukimbizana na kipimo kilicho juu ya skrini na anaanza kuuliza swali la maana: safari hii moja niliyo na nafasi nayo leo, itafuta misheni ngapi?

Hifadhi vinywaji vya kurudisha TP, vile vinavyoitwa Toughness 30, kwa siku ya mapumziko ndani ya tukio. Kimoja kinarudisha TP 30, yaani safari nzima. Jumamosi ya mvua ukiwa nyumbani ndipo mahali pake. Kuvinywa Jumatatu usiku huku macho yanafumba ni kuvitupa.

Mbio za timu, Team Trials, zina kipimo chake, RP. Hizi hujaa zikifika tano na moja hurudi kila saa mbili. Ukizimaliza zote saa mbili usiku, saa kumi na mbili asubuhi zimejaa tena. Mbio hizi hazitaki akili nyingi. Ukishaipanga timu, unabonyeza na kuruka matokeo. Zifanye asubuhi ukinywa chai na jioni kabla ya siku kubadilika, basi. Misheni za Team Trials zitajijaza zenyewe bila wewe kuzifikiria, kwa hiyo sitazitaja tena.

Turudi kwenye safari, maana huko ndiko kwenye utamu.

Soma orodha yote ya misheni ya tukio kabla ya kuanza safari ya kwanza. Nasema yote, pamoja na zile za chini kabisa. Halafu tenga misheni zinazotaka mbio za aina fulani: umbali fulani, uwanja fulani, daraja fulani, mtindo fulani wa kukimbia. Hizo ndizo zinazoamua umchukue msichana gani. Zile za «kamilisha safari tano» au «tumia TP 300» hazikuhusu kwa sasa. Zitakamilika nyuma ya nyingine.

Umbali kwenye mchezo huu umegawanywa hivi: mbio fupi ni hadi mita 1400, maili ni 1401 hadi 1800, kati ni 1801 hadi 2400, na ndefu ni kuanzia 2401 kwenda juu. Namba hizo ziingie kichwani. Mpwa wangu, kijana wa chuo, alinipigia siku moja usiku akiwa amechemka.

«Mjomba, hii gemu imenidhulumu. Misheni inasema shinda mbio ndefu. Nimeshinda Tokyo Yushun, nimeshinda Japan Cup, haihesabu!»

«Tokyo Yushun ni mita ngapi?»

Kimya kidogo. «Elfu mbili na mia nne.»

«Na Japan Cup?»

«Hiyo hiyo… Lakini Mjomba, 2400 si ndefu?»

Si ndefu. Ni kati, kwenye ukingo kabisa. Arima Kinen ina mita 2500, mia moja tu zaidi, na hiyo mia moja ndiyo inayoifanya ihesabiwe kuwa ndefu. Nilimwambia atazame Desemba kwenye ratiba yake, na safari ileile aliyokuwa nayo mkononi ikamlipa.

Na tukiwa hapo Desemba, tazama majira ya vuli ya mwaka wa tatu, mwaka wa wakongwe, jinsi yalivyopangika kwa faida yako. Nusu ya pili ya Oktoba kuna Tenno Sho ya vuli, mita 2000, Tokyo. Nusu ya pili ya Novemba kuna Japan Cup, mita 2400, Tokyo palepale. Nusu ya pili ya Desemba kuna Arima Kinen, mita 2500, Nakayama. Zote tatu ni G1, zote kwenye majani, na kati ya moja na inayofuata kuna zamu moja ya kupumzisha mtoto. Msichana mmoja mwenye uwezo mzuri wa umbali wa kati na mrefu akizishinda zote, umepata G1 tatu, ushindi wa kati mara mbili, ushindi mrefu mara moja, na mashabiki kwa maelfu, kwa kuwa mbio za G1 ndizo zinazovuta mashabiki wengi kuliko nyingine. Mbio hizohizo zipo pia kwenye mwaka wa pili, ingawa huko msichana wako bado mchanga na wapinzani wanaweza kumzidi. Angalia tu kwamba mwaka wa pili Tenno Sho ya vuli inagongana na Kikuka Sho: zote zimewekwa nusu ya pili ya Oktoba, na huwezi kukimbia mbili kwa zamu moja.

Kikuka Sho nayo ina raha yake. Ni mita 3000, ya mwisho katika mataji matatu ya Japani, baada ya Satsuki Sho ya mita 2000 mwezi Aprili na Tokyo Yushun mwishoni mwa Mei. Waliowahi kukaa jukwaani pale Ngong Racecourse, Nairobi, watauelewa mpangilio huu mara moja, kwani Kenya nayo ina Guineas, Derby na St Leger zake. Wakenya na Wajapani wamechota kisima kimoja, cha Waingereza. Kwa mwenye misheni, mataji matatu maana yake ni G1 tatu kabla mwaka wa pili haujaisha, mbili za kati na moja ndefu. Ukiyaunganisha na vuli ya mwaka wa tatu, safari moja imekupa G1 sita, mbili kati ya hizo zikiwa ndefu. Hapo sijahesabu mbio ambazo msichana mwenyewe amewekewa kama malengo.

Malengo hayo wengi huyasahau. Kila msichana ana orodha ya mbio anazolazimika kukimbia, na mbio za malengo zinahesabiwa kwenye misheni kama nyingine yoyote. Maana yake ni kwamba ukimchagua msichana ambaye malengo yake yanafanana na misheni, kazi nusu imeshafanyika. Misheni ikitaka mbio ndefu, fikiria wale ambao farasi wao wa kweli walikuwa watu wa umbali: Rice Shower alishinda Kikuka Sho ya 1992 na Tenno Sho ya majira ya kuchipua, ile ya mita 3200, mwaka 1993 na 1995. Mchezo umefuata historia, na safari yake imejengwa juu ya mbio hizo. Misheni ikitaka mbio fupi, mchukue Sakura Bakushin O. Farasi mwenyewe alishinda Sprinters Stakes mwaka 1993 na 1994. Kwenye mchezo ni wa nyota moja na hana gharama, na kwa ushauri wangu ndiye msichana mwepesi kuliko wote kumlea: mfundishe kasi, kisha kasi, akichoka apumzike, halafu kasi tena. Takamatsunomiya Kinen mwishoni mwa Machi na Sprinters Stakes mwishoni mwa Septemba, zote mita 1200, zinamngoja. Yeye mwenyewe ameshikilia kwamba anaweza mbio ndefu. Msikilize, cheka, usimpeleke.

Mchanga ndio unaowatoa watu jasho. Mbio kubwa za mchanga ni chache na hazikai pamoja. February Stakes iko nusu ya pili ya Februari, mita 1600, Tokyo. Champions Cup iko nusu ya kwanza ya Desemba, mita 1800, Chukyo. Na kuna zile za Oi kama Teio Sho na Tokyo Daishoten, mita 2000 kila moja. Msichana asiye na uwezo wa mchanga atapigwa vibaya hata kama kasi yake inatisha. Ukimtumia Haru Urara umepata uwezo wa mchanga, lakini umbali wake ni mfupi na maili. Mita 2000 zitamwelemea bila msaada wa urithi. Oguri Cap ni chaguo zuri kwa aliye naye, kwa kuwa ana A kwenye majani na B kwenye mchanga, na anamudu maili na kati. Msichana mmoja wa aina hiyo anaweza kukimbia February Stakes, kisha akarudi kwenye majani, akafuta misheni za viwanja vyote viwili kwa safari moja.

Na kama huna msichana wa mchanga? Hapo ndipo urithi unapoingia. Kabla ya safari unachagua wazazi wawili kati ya wasichana uliokwisha kuwalea, na pamoja nao wanakuja babu na bibi wanne. Kila mmoja amebeba cheche, na cheche za waridi ndizo zinazoinua uwezo wa uwanja, umbali au mtindo wa kukimbia. Jumlisha nyota za cheche za mchanga kwa hao sita wote: nyota moja inapandisha daraja moja mwanzoni mwa safari, nne zinapandisha madaraja mawili, saba matatu, kumi manne. Mwanzoni haupiti A, lakini A yenyewe inatosha kabisa. Kwa hiyo msichana mwenye D ya mchanga anahitaji nyota saba ili aanze na A. Wachezaji wenye busara huweka akiba: mzazi mmoja wa mchanga, mmoja wa mbio fupi, mmoja wa mbio ndefu, wamefungiwa wasije kufutwa kwa bahati mbaya. Tukio likija na misheni ya ajabu, unafungua stoo na kuchukua unachohitaji. Kama stoo ni tupu, unaweza kuazima mzazi kutoka kwa mchezaji mwingine, na vivyo hivyo kadi moja ya msaada, zile unazobeba safarini kumsaidia msichana katika mazoezi. Azima kadi yenye nguvu kuliko zako zote, hata kama unaona haya. Kadi ya kasi ya Kitasan Black inaazimwa na kila mtu, na kuna sababu.

Hapa nitoe neno ambalo litawaudhi wapenzi wa alama. Safari ya misheni na safari ya kulea bingwa ni vitu viwili. Bingwa unamlea taratibu, kila mbio unayoongeza inamnyima zamu ya mazoezi, na unakwepa mbio zisizo za lazima. Safari ya misheni inataka mbio nyingi. Ukijaribu kuvichanganya, bingwa anatoka dhaifu na misheni zinabaki nusu. Kwenye wiki ya tukio, kubali kwamba msichana wako atamaliza na daraja la kawaida. Hata hivyo hakupotea bure, kwani ushindi wa G1 nao huweza kumwachia cheche zitakazowafaa watoto wa baadaye.

Mbio nyingi zina kikomo lakini. Kukimbia zamu mbili mfululizo kunavumilika. Kuanzia ya tatu mfululizo unacheza na hatari: msichana anaweza kushuka moyo, kupungukiwa na uwezo, au ngozi yake kuharibika. Usivuke huko ila misheni ikulazimishe, na ikikulazimisha, iwe mwisho wa mwaka ambapo huna kikubwa cha kupoteza. Angalia nishati yake pia. Akiwa amechoka na zamu hiyo huna mbio unayoitaka, mazoezi ya akili ni njia ya katikati: anajifunza na nishati inarudi kidogo. Julai na Agosti za mwaka wa pili na wa tatu ni kambi ya kiangazi, mazoezi yote yanafanywa kwa ngazi ya juu kabisa. Zamu hizo nne za kila mwaka usizichome kwa mbio hata misheni ikikushawishi. Vuli yote niliyoieleza hapo juu inajengwa kwenye kambi hiyo.

Ukipoteza mbio ambayo misheni inaitegemea, unaweza kuirudia kwa kutumia saa ya kengele, ikiwa unayo. Usiitumie kwa mbio ya kwanza iliyokuudhi. Iweke kwa Arima Kinen.

Muda wa safari yenyewe unaweza kupunguzwa sana. Ingia kwenye mipangilio, washa kufupisha matukio ya hadithi, na kwenye mbio chagua kuona matokeo badala ya kutazama mbio nzima. Hadithi utazirudia kwa utulivu tukio likishapita. Ni nzuri, na zinastahili kusomwa ukiwa huna haraka. Wa huku kwetu ambao umeme unakatika na bando linaisha katikati ya mbio wasiwe na hofu: mchezo huhifadhi kila zamu, ukirudi unaendelea ulipoishia. Kitu kimoja tu kifanye mapema, ambacho ni kupakua data ya tukio ukiwa kwenye Wi-Fi. Mchezo huu ni mzito, na kupakua kwa bando la siku ni njia ya haraka ya kuchukia farasi.

Matukio ya hadithi yana utaratibu wao wa pointi, na hapo kuna faida ambayo wageni huipita. Kwenye ukurasa wa tukio huonyeshwa kadi za msaada na wasichana wanaoongeza pointi. Kadi ya bonasi dhaifu inaweza kukulipa kuliko kadi nzuri isiyo na bonasi, kwa sababu katika wiki hiyo unachokusanya ni pointi. Weka kadi za bonasi kadiri msichana wako anavyoweza kustahimili bila kushindwa malengo yake. Akishindwa lengo, safari inakatika, na hilo halifidiwi na bonasi yoyote. Zawadi kubwa ya matukio haya huwa ni kadi ya msaada ya tukio lenyewe. Nakala tano za kadi moja ndizo zinazoifungua kabisa, yaani ya kwanza na nne za kuiongezea. Panga hesabu yako mpaka kwenye ngazi ya pointi inayotoa nakala ya mwisho, na uandike namba hiyo. Ukiifikia, tukio limekwisha kwa upande wako. Ngazi za juu zaidi zina vitu vidogo vidogo ambavyo havistahili usingizi wa mtu.

Kuhusu misheni zinazotaka msichana ambaye huna, ushauri wangu ni mfupi: ziache. Wasichana wapya hupatikana kwa kuvuta bahati nasibu, na kuvuta mara moja kunagharimu karati 150, sarafu ya mchezo, mara kumi 1500. Nafasi ya kupata msichana wa nyota tatu ni asilimia 3 kwa kila mvuto, na hiyo ni wa nyota tatu yeyote, achilia mbali yule unayemtaka. Ukivuta mara kumi, karibu mara tatu kati ya nne utatoka bila hata mmoja. Uhakika wa kumchukua unayemtaka unapatikana ukishavuta mara 200, yaani karati 30,000. Hakuna misheni ya msimu inayolipa kiasi hicho. Kipimo hichohicho kitumie kwa kila zawadi: misheni ya karati 50 ni theluthi moja ya mvuto mmoja. Ikikutaka ukae saa mbili zaidi, jiulize kama ungemlipa mtu hivyo.

Kununua karati kwa fedha halisi ili kurudisha TP, na TP hiyo ikusaidie kumaliza misheni zinazotoa karati, ni mzunguko ambao sijaona mtu akitoka nao na faida. Na kama watoto wanashika simu yako, weka nenosiri kwenye ununuzi leo hii kabla hujaendelea kusoma.

Siku ya mwisho isiwe siku ya kucheza. Usianze safari ambayo huna hakika utaikamilisha kabla ya saa ya kufunga. Fungua ukurasa wa misheni ubonyeze kukusanya zote, kwani misheni iliyotimia bila kuchukuliwa inaweza kutoweka pamoja na tukio. Kama tukio lina duka, tumia humo sarafu zilizobaki: kwanza nakala za kadi, kisha vinywaji vya TP, kisha vitu vya kukuza vipaji. Fedha za kawaida za mchezo ziwe za mwisho kabisa. Maliza kwenye sanduku la zawadi. Kila zawadi humo ina tarehe yake ya kuisha, na vinywaji vya TP vinavyokaribia kuisha ndivyo vya kunywa kwanza tukio lijalo likifunguliwa.